Mkate wa Kuaga katika Nchi ya Upokeo

Ipo nchi iitwayo Upokeo, na anayetaka kubisha abishe baada ya kusikia habari zake. Ramani haiionyeshi, lakini waliowahi kufunga duka lao kwa mikono yao wenyewe huijua njia, na wengi wao walipita huko wasijue walikuwa wapi. Aliyetuletea habari hizi ni mwanamke aitwaye Eliwaza, mzaliwa wa mji mdogo chini ya milima ya Upare, mjane, mtu wa sala, na mwanafunzi wa darasa la jioni katika ukumbi wa kanisa. Umri wa kukaa kwenye madawati ulikuwa umempita zamani. Magoti yalimlalamikia kila alipoinuka, lakini hakukosa somo hata moja.

Alikuwa na sababu. Zamani alikuwa na duka la mikate: tanuri la matofali, meza ya mninga, mlango wa rangi ya bluu. Alfajiri, mikate ya iliki ilipoanza kunukia, watu walisimama nje na vikapu vyao wakimwita kwa majina yote mazuri ambayo mtu angetaka kuitwa. Sala yake siku hizo ilikuwa moja tu: Bwana, niletee wateja. Naye Bwana alimletea. Walikuja mpaka foleni ikapinda kona. Kisha duka likafa, wateja wakiwa bado wamesimama nje. Jambo hilo Eliwaza hakulielewa hata kidogo. Alilibeba kifuani miaka yote kama mama aliyezika mtoto bila kuambiwa ugonjwa.

Mwalimu wake, kijana Godlisten, alikuwa amekwisha kuwafundisha masomo matatu: mtaji, mapato na gharama. Somo la nne lilikuwa bado. Basi Eliwaza aliingia Upokeo akiwa na elimu ya masomo matatu na hamu ya miaka mingi. Alifikaje, alilala wapi njiani, hayo hayatatufaa kitu. Tuanze langoni.

Langoni alikaa ofisa mwenye mkasi na sindano. Alimtazama Eliwaza kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu, kisha akasimama kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Kumeingia?"

"Marahaba. Nimeingia mimi peke yangu."

Ofisa akacheka. "Mgeni kweli huyu! Hapa ndivyo tunavyosalimiana, mama. Mtu anauliza, kumeingia? Wewe unajibu, kumeingia, Mungu ashukuriwe. Hata kama hakujaingia kitu, unajibu hivyo hivyo."

"Na kama kumetoka?"

Ofisa alitazama kulia na kushoto kama mtu aliyesikia tusi mbele ya watoto. "Mama yangu, nakuheshimu kwa umri wako. Neno hilo usilirudie." Kisha akainua sindano. "Halafu gauni lako lina mifuko miwili."

"Huu ni wa leso, na huu wa sadaka."

"Sheria yetu ni mfuko mmoja. Mwenye mifuko miwili ana mioyo miwili, ndivyo walivyosema wazee wetu." Akapiga goti, akaushona ule wa kushoto kwa mishono midogo mizuri, akakata uzi kwa meno, akamkaribisha nchini.

Ndivyo Eliwaza alivyoijua sheria kuu ya Upokeo. Kila mtu huko huvaa mfuko mmoja mpana kifuani. Matajiri huutarizi kwa nyuzi za dhahabu, maskini huuacha mtupu, lakini ni mmoja. Humo huingia mauzo ya duka, mahari ya binti, urithi wa baba, bei ya mbuzi na mchango wa harusi, vyote pamoja. Na humo humo hutoka kila kitu: pango la duka, ada ya shule, kitoweo, mafuta ya taa, msaada kwa shemeji. Mtu akitoa pesa, adabu humtaka ainue uso atazame mawinguni. Kuchungulia mfukoni wakati wa kutoa huhesabiwa kuwa utovu wa shukrani kwa Mungu aliyetia. Mafundi cherehani wote wa nchi hula kiapo cha kutoshona mfuko wa pili, na inasemekana yuko fundi mmoja aliyefukuzwa mjini kwa sababu alikutwa na suruali ya kigeni, nayo ilikuwa yake mwenyewe.

Ukivuka lango unakutana na soko, na ukivuka soko unakutana na makaburi. Makaburi yalikuwa makubwa kuliko soko. Eliwaza alidhani mji ulikumbwa na tauni, mpaka alipokaribia akaona kwamba waliozikwa hawakuwa watu. Yalikuwa maduka. Milango ilikuwa imelazwa ardhini na kufukiwa, na vibao vya biashara vimesimikwa mahali pa mawe. Alisoma kimoja: *Hapa limelala Duka la Vitambaa la Mwanakheri. Liliuawa na Husuda.* Akasoma kingine: *Hoteli ya Pilau Tamu. Husuda.* Kingine: *Kinyozi wa Kona. Majirani.* Kingine, kidogo, chenye maua mabichi: *Mapenzi ya Mungu.*

Mlinzi wa makaburi alikuwa ameketi akinoa jembe.

"Baba, mnazika maduka?"

"Tungeyaacha yaoze barabarani? Duka lilikulisha, mama. Linastahili sanda."

"Na yanakufa kwa nini?"

"Sababu zipo tano, zimeandikwa na serikali. Husuda, uchawi, majirani, mkosi wa jina, na mapenzi ya Mungu. Ya sita haijapatikana."

Eliwaza akauliza swali lililokuwa limemleta, ingawa mpaka dakika hiyo alikuwa hajui kwamba ndilo lililomleta. "Na ya nchi nyingine? Yapo humu?"

"Yapo. Yakizikwa kwao, huja huku yenyewe."

Basi akaanza kutafuta mlango wa bluu. Alipita safu kwa safu, akainama, akafuta vumbi kwa pindo la kitenge. Aliona milango ya kijani, ya kahawia, ya mabati yenye kutu, na mmoja wa bluu ambao moyo wake ulipouona uliruka, lakini ulikuwa wa duka la viatu. Jua lilikuwa limeinama aliporudi kwa mlinzi, magoti yakimwuma.

"Silioni."

"Basi halikuzikwa," alisema mlinzi kwa upole, akampa maji kwenye kata. "Pole sana, mama. Duka lisilozikwa humfuata mwenyewe kila aendako."

Eliwaza alikunywa maji. Na hapo ndipo upepo ulipogeuka ukamletea harufu ya mkate wa iliki, akaweka kata chini akaenda bila kuaga.

Ilitoka katika duka la mwanamke aliyeitwa Sikitu, wa makamo, mwenye mikono mipana na kicheko cha karibu. Foleni ilianzia kwake ikapita mbele ya maduka mengine yote ya mtaa ule.

"Sogea huko, wewe mwenye tumbo la watu wawili!"

"Hili tumbo Bibi Mkate ndiye aliyelijenga, mwulize yeye!"

"Bibi Mkate! Mama wa Mji! Mungu akupe umri wa kobe!"

Sikitu alicheka, akatoa mkate, akapokea kete tano, maana pesa ya huko ni kete, akazitia kifuani bila kutazama. Aliyekuwa na kete nne alipewa. Aliyekuwa na watoto aliongezewa. Kila alipoitwa Mama wa Mji uso wake uling'aa kama sinia lililosuguliwa jivu. Eliwaza alisimama kando akimtazama, na alichokitazama si Sikitu. Alijitazama yeye mwenyewe, miaka ile.

Walizoeana haraka, kama wanavyozoeana watu wa kazi moja. Eliwaza aliomba kukanda, akapewa sehemu ya meza. Alipozamisha ngumi katika unga uliochachuka, akasikia ule ulaini unaorudi taratibu chini ya vidole, ilibidi ageuze uso.

"Unalia, dada?"

"Jasho."

"Jasho la macho," alisema Sikitu, akamwachia nafasi.

Walipokuwa wakipumzika ndipo Sikitu alipomweleza. Siku ya soko iliyopita duka lake halikufunguliwa. Si ugonjwa, si safari. Mkono uliingia mfukoni kutafuta pesa ya unga ukatoka mtupu. Unga wa leo alikuwa amekopa, na kete zote za leo zilikuwa za kulipa deni hilo. Sasa kwa sheria ya Upokeo, duka lisipouza kitu siku mbili za soko mfululizo, limekufa. Waosha Maduka huja na sanda, Karani wa Sababu huandika sababu, na mwenye duka huwa mjane wa duka: huvaa kijivu, hulishwa na mji maisha yake yote, huheshimiwa sana, ila hauzi tena hata sindano. Na soko lilikuwa kesho.

"Lakini nimeona unga," alisema Eliwaza. "Debe lile pale."

"Lile ni la mkate wa kuaga. Duka linalokufa huoka kwa mara ya mwisho na kugawa bure. Ndiyo heshima yake. Watakuja wengi kesho, utaona." Sauti ilimkatika. "Mimi sielewi, dada. Ningekuwa sina wateja ningesema sawa. Foleni umeiona! Nimeomba, nimefunga, nimeomba tena. Nani ananichukia hivi?"

Maneno yale Eliwaza alikuwa ameyasema yeye mwenyewe, karibu neno kwa neno, amepiga magoti mbele ya tanuri lililopoa. Aliomba kimoyomoyo, na alichoomba kilikuwa ni kukumbuka somo la tatu.

"Niazime kete," alisema. "Za kuhesabia tu."

Akafunga mlango, maana aliona aibu ya nchi ile hata kama haikuwa yake. Akaweka mkate mmoja katikati ya meza.

"Unga wa mkate huu ni kiasi gani?"

"Dada!" Sikitu alijishika shavu. "Unahesabu zawadi ya Mungu?"

"Namwomba Mungu atusamehe wote wawili. Unga?"

Sikitu alitazama dari. "Kete mbili," alinong'ona.

Eliwaza akaweka kete mbili kando ya mkate. Sukari na iliki, moja. Mafuta na maziwa, moja. Kuni na pango la tanuri, vikigawanywa kwa mikate yote, moja. Akasita, kwa kuwa hapo ndipo yeye mwenyewe alipokosea darasani mpaka Mwalimu Godlisten akamsahihisha. "Na mikono?"

"Mikono gani?"

"Yako. Na ya kwangu leo. Ungemwajiri mtu, angekanda bure?"

"Mikono yangu nimepewa."

"Na tumbo umepewa pia, nalo linakula." Akaweka kete ya sita. "Sasa, unauza ngapi?"

"Tano," alisema Sikitu. Zile kete zilikaa mezani mbele yao. Hakukuwa na haja ya kusoma wala kuandika.

"Kila mkate unaotoka mlangoni," alisema Eliwaza, "unaondoka na kete moja yako juu yake."

"Lakini foleni…"

"Foleni ikiwa ndefu ndiyo zinaondoka nyingi."

"Mbona nimeendelea miaka yote hii? Mfuko haukuwa mtupu!"

"Mfukoni uliingiza nini kingine?"

Sikitu akaanza kutaja, kwanza kwa ukali, kisha polepole, kisha kama mtu anayesoma majina ya marehemu. Shamba la minazi la baba yake, aliloliuza nusu, kisha nusu iliyobaki. Pete za mamake. Ng'ombe wawili. Mchango aliopewa alipofiwa na mumewe. Vyote viliingia katika mfuko ule ule, na yeye akashukuru akidhani ni mkate unaomlisha, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akiulisha mkate.

"Kwa hiyo walionipenda," alisema mwishowe, "walikuwa wananila?"

"Hawakujua. Wala wewe hukujua."

Eliwaza alisema hivyo kwa Sikitu, na huku akisema alisikia kitu kizito kikigeuka ndani yake. Aliomba wateja, akapewa wateja. Sala yake ilijibiwa yote, bila kupunguziwa. Katika miaka yote ile ya kuuliza mbinguni kwa nini, hakuwahi kuuliza bei ya mkate wake. Alitaka kumwambia Sikitu habari hiyo lakini aliiweka kwanza, wakabaki wawili wakiutazama mkate.

"Sasa nifanyeje?" aliuliza Sikitu.

"Uza saba. Sita zirudi zilikotoka, moja ikae kwa ajili ya kesho."

"Saba!" Sikitu alicheka kwa uchungu. "Watanitupia mawe. Afadhali nife Mama wa Mji kuliko kuishi Bibi Saba."

Hilo halikuwa katika masomo matatu ya Eliwaza.

Asubuhi ya soko mji mzima ulifika. Mikate ya debe la mwisho ilikuwa imepangwa rafuni, na foleni ilikuwa ndefu kuliko siku yoyote, kwa kuwa mkate wa kuaga ni wa bure. Waosha Maduka walikuja wamevaa meupe, wamebeba sanda iliyoshonwa kwa kipimo cha tanuri. Mkuu wao, Bwana Rambirambi, alikuwa na sauti nene yenye huzuni ya kudumu, kama mtu aliyezaliwa msibani.

"Ndugu wafiwa," alisema, "marehemu ameacha foleni ndefu. Ni duka gani jingine liliwahi kufa likipendwa hivi?"

Watu wakaitikia kwa kilio kizuri, macho yakiwa rafuni.

Karani wa Sababu, mama mwembamba mwenye miwani, alimkaribia Sikitu kalamu mkononi. "Chagua, bibi. Wengi huchukua husuda. Inapendeza kwenye kibao."

"Nikichukua husuda ni lazima nitaje mtu?"

"Lazima. Kwa kawaida ni jirani." Akanyoosha kalamu kuelekea ng'ambo ya barabara, ambako Binti Mwinjuma, muuza maandazi, alisimama amelikumbatia karai lake. "Karai litachukuliwa na serikali. Ni utaratibu tu."

Hapo Eliwaza aliinua mkono kama anavyoinua darasani.

"Naomba kuuliza. Mkate mmoja wa duka hili unagharimu kiasi gani kuupika?"

Kina mama waliziba masikio ya watoto. Mzee mmoja alitema mate pembeni. Bwana Rambirambi alifumba macho.

"Mgeni asamehewe," alisema. "Huenda kwao wanakula wamesimama pia."

"Liwe swali halali au haramu?" aliuliza Karani, maana sheria ilimtaka aulize. Wakuu wa soko waliokuwepo wakaanza kujadiliana palepale. Mmoja alisema kuwa mtu akijua kinachotoka hatashukuru tena kwa kinachoingia. Mwingine alisema swali lenyewe si baya, ila liulizwe na mtu mwenye cheo, faraghani, baada ya mazishi. Wa tatu, msimamizi wa wachimba makaburi, alisema kwa uchungu wa kweli: "Tukiliruhusu swali hili, vijana wangu watakula nini?" Hoja hii iliwagusa wengi.

"Mama mgeni, jieleze," alisema Karani. "Ukijua gharama, inakuwaje?"

Eliwaza alisimama. "Inakuwa… unachukua mapato. Unatoa gharama. Kinachobaki kinaitwa… kuna kinachoitwa ghafi na kuna…" Akasita. Hilo ndilo lilikuwa somo la nne. "Bado hatujafika hapo," alisema.

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka makaburini. "Hawajafika hapo!" watu walirudia wakipigana mabega. "Rudi ukafike kwanza, bibi!" Eliwaza aliketi, uso ukimwaka, akainamisha kichwa. Alichokiomba pale hakikuwa na maneno.

Palikuwa na mtu ambaye hakucheka. Ni Mwombezi wa Soko, mzee mnyenyekevu ambaye kazi yake ilikuwa kuombea kila duka linapofunguliwa na kila linapozikwa.

"Nimeyaombea maduka haya tangu nikiwa kijana," alisema, na watu wakanyamaza kwa kuwa walimpenda. "Nimeyaombea wateja. Wamekuja. Kisha nimeyazika, wateja wakiwa wamesimama kando ya shimo. Sijui. Mimi si mtu wa hesabu." Akamgeukia mwenye duka. "Sikitu, mwanangu. Sitaki kukuombea leo bila kukuuliza. Unataka nikuombee nini?"

Sikitu alitazama foleni. Alimtazama yule mwenye tumbo, aliyemwita Mama wa Mji kila siku ya Mungu. Aliitazama sanda, nyeupe, iliyokunjwa vizuri, na nyuma yake maisha ya kulishwa na kuheshimiwa. Alimtazama Binti Mwinjuma na karai lake.

"Niombee nisiogope," alisema.

Mzee akamwekea mkono kichwani. Hakuomba kwa sauti. Alipouondoa, Sikitu aliiendea rafu, akachukua mkate mmoja, akauinua juu ili wote wauone.

"Mkate ni kete saba," alisema.

Hakuna aliyeelewa. Ikabidi arudie.

"Saba? Umelogwa, mwanamke?"

"Mkate wa kuaga unauzwa! Maiti gani huyu anayedai nauli?"

"Jana ulikuwa mama yetu!"

"Mtoto hamnunulii mama yake chakula?" alijibu Sikitu, lakini sauti ilikuwa ndogo, na machozi yalikuwa yakimtoka wazi. "Huwa natumia kete sita kuupika. Sita. Nimeuza shamba la baba yangu ili nyie mle mkate kwa tano. Sikujua. Sasa najua, siwezi tena kujifanya sijui. Saba."

Aliyekuwa mbele aligeuka akaondoka. Wa pili akamfuata. Mwenye tumbo alisimama kidogo, akafungua kinywa, akakifunga, akaenda. Foleni ile iliyopita mbele ya maduka yote ya mtaa ilifumuka kama sweta lililovutwa uzi, na kila mmoja alipoondoka Sikitu alimtaja jina kwa sauti ya chini. Aliyajua majina yao yote. Eliwaza alisimama karibu naye bila kumgusa. Alijua kwamba kama angemgusa, wangeanguka wote wawili.

Barabara ikabaki nyeupe. Bwana Rambirambi alikohoa, akaanza kukunjua sanda.

"Nipe mmoja," ilisema sauti.

Alikuwa Binti Mwinjuma. Alivuka barabara karai likiwa bado mkononi, akalisogeza kwapani, akahesabu kete saba. Alizihesabu huku anazitazama, mbele ya watu.

"Na leo nikifunga mlango," alimwambia Sikitu kwa kunong'ona, "nitaliuliza andazi langu. Nina wasiwasi nalo."

Baada yake alikuja fundi mwashi aliyesema kwamba saba ni nyingi lakini hapendi kula jasho la mtu. Kisha mwalimu wa shule akachukua nusu mkate. Wakapita wengine, mmoja sasa, mmoja baadaye, wengi wao watu ambao zamani hawakuwahi kuufikia mkate kwa sababu ya urefu wa foleni.

Karani alivua miwani, akamtazama Bwana Rambirambi. Duka limeuza siku ya soko. Kwa sheria, halikufa. Bwana Rambirambi alikunja sanda yake taratibu, pembe kwa pembe.

"Tutaiweka," alisema bila kinyongo. "Kitambaa hiki hakiozi. Kumeingia, Sikitu?"

"Kumeingia," alijibu Sikitu. "Na kumetoka. Mungu ashukuriwe kwa vyote viwili."

Bwana Rambirambi aliondoka kwa haraka kuliko alivyokuja.

Alasiri mikate kadhaa ilibaki rafuni, na Sikitu aliitazama kwa huzuni, hakuzoea kuona mkate ukibaki. Walihesabu mlango ukiwa wazi. Debe moja la unga lilikuwa limerudisha bei ya debe moja la unga, na kuni zake, na sukari yake, na ujira wa watu wawili waliokanda, na juu yake kete chache, kidogo sana, za kutosha kujaza kiganja cha mtoto. Sikitu alizishika muda mrefu. Kisha badala ya kuzitia kifuani alizidondosha ndani ya debe tupu la unga, akalifunika. Sheria ya Upokeo ilikataza mfuko wa pili. Kuhusu madebe haikusema neno.

Eliwaza alipokea ujira wake akafunga kitenge. Alitamani kubaki. Atakayesema kwamba aliondoka kwa moyo mweupe hamjui. Palikuwa na tanuri lenye joto, palikuwa na meza, palikuwa na mtu wa kukanda naye. Angeweza kuishi pale mpaka kifo, akiamka alfajiri kwa harufu ile. Lakini ile ilikuwa meza ya Sikitu.

Walikumbatiana mlangoni kwa muda mrefu. Eliwaza akanyoosha mkono kwenye rafu, kama mtu wa nyumbani, akachukua mkate wa njiani.

Sikitu alifuta macho kwa mgongo wa mkono. Kisha akakinga kiganja.

"Saba, dada."

Eliwaza alimtazama, akaona ilivyomgharimu kusema vile. Akahesabu kete saba katika kiganja kile, moja moja, akazifunika kwa vidole vya Sikitu mwenyewe.

Alikula akitembea. Ulikuwa mkate mzuri, laini, umeiva sawasawa, ila iliki ilikuwa chache kidogo. Wa kwake ulikuwa bora. Ulikuwa bora kweli, alilijua hilo kwa ulimi, si kwa majivuno, na kwa mara ya kwanza tangu aufunge mlango ule alitaka kujua ungeuzwa kiasi gani.